Mtoto Wako Kajiunga na Kikosi cha Bendera? Mwongozo Kamili, Kuanzia Usaili hadi Dayton

Binti yangu aliporudi nyumbani na fomu ya kala gadi (color guard, kikosi cha bendera cha shule), nilijua ni kazi ya ulinzi. Gadi si mlinzi? Nikamwuliza, "Mnalinda nini?" Akacheka mpaka akakaa sakafuni. Leo tuko msimu wa tano hapa Ohio, na funguo za stoo ya vifaa ninazo mimi. Nimebandika tepu kwenye fimbo zisizo na idadi, nimeuza sambusa kwenye maegesho ya shule huku theluji inaanguka, na makosa ya mzazi mgeni nimeyafanya karibu yote. Haya ndiyo ningetamani mtu anikalishe kitako aniambie siku ile ya fomu.

Kwanza ujue unaingia wapi

Kama ulikulia Tanzania, anza na halaiki. Wakumbuke wale watoto wa Amaan siku ya Mapinduzi, mamia yao, wanageuka kwa pamoja mpaka uwanja mzima unabadilika rangi. Sasa wapunguze wawe kumi na tano au thelathini, waingize kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, mpe kila mmoja bendera kwenye fimbo ya futi 6 airushe hewani na kuidaka, ongeza muziki na hatua za dansi, halafu waweke majaji jukwaani. Hiyo ndiyo gadi. Wavulana wamo, wasichana wamo.

Asili yake ni jeshini. Zamani bendera ndiyo iliyowaonyesha askari kikosi chao kiko wapi kwenye moshi wa vita, na waliopewa kuilinda waliilinda kufa na kupona. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vyama vya askari wastaafu wa Marekani kama American Legion na Veterans of Foreign Wars vilianzisha vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta, na mbele yao walitembea wabeba bendera. Siku hizo kuangusha bendera ya taifa kulikuwa aibu, na adhabu juu yake. Nakuomba ulikumbuke hili la kuangusha, tutalirudia.

Majira ya vuli gadi hucheza pamoja na bendi ya shule uwanjani. Baridi ikibisha hodi, bendi hupumzika na gadi huingia ndani kivyake. Mashindano hayo ya ndani husimamiwa na Winter Guard International, yaani WGI, iliyoanzishwa 1977. Ubingwa wake wa kwanza ulifanyika 1978. Kuna vikosi vya shule na vikosi huru, visivyo vya shule yoyote, na kila upande una madaraja matatu makuu: A, Open na World. Mtoto anayeanza shuleni kwa kawaida utamkuta daraja A au chini yake. Usione haya, huko ndiko kazi inakofundishwa.

Hatua ya 1: Usaili

Gadi ya baridi husaili Oktoba au Novemba, mara nyingi kwa siku mbili tatu. Mtoto hafiki akiwa anajua kitu. Watamfundisha kipande kifupi, watamtazama, watamrekebisha, kisha watamtazama tena. Kinachoangaliwa hasa ni hiyo mara ya pili: je, alichoambiwa kimeingia? Nimeona watoto waliosoma baleti miaka mingi wakiachwa kwa sababu hawarekebishiki, na nimeona mwingine asiyejua kulia na kushoto akichukuliwa.

Avae nguo nyeusi za mazoezi zinazobana kiasi, raba nyepesi, nywele zifungwe, hereni zibaki nyumbani. Chupa kubwa ya maji. Basi.

Kazi kubwa siku hiyo ni yako wewe mzazi. Uliza ada yote kwa msimu mzima. Ile ya kwanza wanayoitaja ni mlango tu. Kuna ada ya kikosi, mavazi, viatu, glavu, basi, na hoteli kama wanasafiri. Gadi za shule nyingi zinakula mamia ya dola. Kikosi huru cha juu kinafika maelfu. Uliza pia kama kuna nafasi ya kulipa kidogo kidogo, na kama mauzo ya mzazi yanapunguza deni la mtoto wake au yanaingia kwenye mfuko wa wote. Hapo ndipo sambusa zangu zilipopata heshima.

Na kama familia yenu ni ya Kiislamu, sema mapema. Mavazi ya gadi mara nyingi ni ya kubana mwili na hubuniwa kabla ya Krismasi. Ukisema Novemba, mbunifu ataweka mikono mirefu na kilemba cha rangi ya vazi kwa huyo mmoja, pengine hata kwa wote, na itaonekana ni mtindo. Ukisema Februari, utaonekana mkorofi. Ramadhani nayo siku hizi inaangukia katikati ya msimu: ya 2025 ilianza Machi 1, ya 2026 ikaingia Februari. Mwaka wa kwanza nilinyamaza, nikijiambia mtoto atavumilia. Jumamosi moja katikati ya mazoezi ya muda wa saa nane akakaa chini, midomo imekauka, na mwalimu hakujua kimetokea nini. Kosa lilikuwa langu. Siku hizi tunakubaliana kabla: asubuhi yeye hufanya mikono tu, bila kukimbia, na onyesho zima hulicheza jioni baada ya kufuturu.

Nywele nazo zina mjadala wake. Gadi nyingi hutaka nywele zilazwe na kufungwa kishungi cha chini nyuma ya kichwa, wote wafanane. Rasta nyembamba za rangi nyeusi zinafungika vizuri sana. Zile nene za rangi mbili hazifungiki, na msusi wako atakudai hela ya kuzifumua. Suka wiki moja kabla ya shindano la kwanza, kichwa kipoe.

Hatua ya 2: Andaa bendera

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo mzazi anaweza kuharibu onyesho bila kugusa sakafu.

Fimbo ya kawaida ni ya alumini, futi 6, ndani ina uwazi. Kitambaa kinachotumika sana ni cha inchi 36 kwa 54. Kitambaa kina uzito na kinakamata upepo, kwa hiyo fimbo tupu yenye kitambaa huelemea juu. Dawa yake ni bolti. Zungushia bolti tepu mpaka iingie kwenye tundu la chini kwa kulazimishwa. Ikiingia kwa raha, italia ndani ya fimbo ukumbi mzima ukiwa kimya, na jaji atainua macho. Kisha vika kofia ya mpira kila ncha, aina ile inayovaliwa na magongo ya wagonjwa, na uifunge kwa tepu ya umeme ya rangi ya fimbo.

Sasa kitambaa. Ingiza fimbo kwenye pindo lake, sukuma mpaka ukingo wa juu uguse kofia, bana kwa tepu. Vuta kwenda chini mpaka mikunjo yote iishe, bana tena. Zungusha tepu ukiivuta kidogo, ipande nusu juu ya nusu. Ukiishamaliza usiikate kwa meno. Tumia mkasi, ilaze ncha kwa gumba, la sivyo ndani ya wiki itaanza kubanduka na kukamata glavu.

Pima katikati ya fimbo, inchi 36, uweke alama ya tepu ya rangi nyingine. Pale kitambaa kinapoishia pia weka alama, mkono unapatafuta hapo mamia ya mara kwa siku. Ilaze fimbo juu ya kidole kimoja kwenye alama ya katikati. Ikiinama upande wa kitambaa, ongeza bolti chini. Ikitulia kama maji mtungini, umemaliza moja. Bado ishirini na tatu.

Na usizipime zile ishirini na tatu moja moja. Chagua fimbo moja iwe mama, ipime kwa makini, halafu nyingine zote zilazwe kando yake na kufuatishwa. Mwaka wangu wa pili nilipima kila moja kwa futi kamba, usiku, huku naongea na simu. Sita zikatoka kitambaa kiko chini kwa inchi moja na nusu. Mtu angeona? Mwalimu aliona kutoka safu ya juu kabisa ya viti: mikono sita iko chini ya mikono mingine. Akafikiri watoto wamesahau. Aliwarudisha mara nne kabla hajashuka kuja kuzikagua fimbo.

Mbali na bendera, gadi hurusha pia bunduki ya maigizo na upanga. Bunduki ni ya mbao, nyeupe, inchi 36 au 39, yenye mkanda. Haipigi wala haikuwahi kupiga. Huvunjika ikianguka vibaya, ndiyo maana huvishwa tepu yenye nyuzi kwanza, halafu tepu nyeupe juu yake. Upanga ni wa chuma usio na makali. Wengi hawapewi viwili hivi mwaka wa kwanza. Hubaki na bendera mpaka mikono ijue.

Neno moja la mzazi kwa mzazi. Mtoto mweusi asitembee barabarani Marekani na kitu chenye umbo la bunduki mkononi, hata kiwe cheupe, hata kiwe na maua. Iingie kwenye mfuko stoo ya shule, itoke kwenye mfuko ukumbini. Mazoezi ya bunduki hayafanywi nje mbele ya nyumba. Mwalimu wetu hakuwa amelifikiria hili mpaka niliposimama kwenye kikao cha wazazi. Sasa ni kanuni ya wote.

Hatua ya 3: Robo saa kila siku nyumbani

Onyesho halitengenezwi nyumbani. Nyumbani ni msingi tu, na msingi wenyewe ni mkao mmoja na mzunguko mmoja. Mkao: bendera wima mbele ya bega la kulia, mkono wa kushoto chini kwenye kofia ya mpira usawa wa kitovu, wa kulia juu usawa wa macho, viwiko nje, mabega chini. Mzunguko: kwa hesabu nne kitambaa kinashuka kuelekea sakafuni, mkono wa kushoto unaingia gumba likitazama chini, kitambaa kinapanda, na kwenye nne umerudi ulipoanza. Kisha tena. Kisha tena kwa upande wa kushoto.

Pakua programu ya mapigo kwenye simu. Anza mapigo 90 kwa dakika, na asipande mpaka afanye hesabu nane mara nane bila kutafuta fimbo kwa macho. Wewe kaa karibu ukate vitunguu na usikilize. Mkono ukifika kwa wakati utasikia *pa!* moja safi kwenye fimbo. Ukichelewa utasikia mbili. Nimejifunza kumsahihisha binti yangu bila kugeuka.

Kuhusu dari: futi 6 za fimbo, juu ya mtoto wa futi 5, ndani ya chumba cha futi 8. Taa yetu ya jikoni haikuona Desemba.

Hatua ya 4: Kurusha, kudaka, na kuangusha

Bunduki huhesabiwa kwa mizunguko inayofanya hewani kabla ya kudakwa: moja, mbili, tatu, na mafundi hufika sita au saba. Anaanza na moja, na anabaki kwenye moja hata wiki tatu. Macho yafuate katikati ya bunduki, si ncha. Mikono iwe wazi na iifuate inaposhuka. Anayeinyooshea vidole ndiye anayevunja kidole. Kabla ya kurusha atazame juu, kisha pembeni. Michubuko itakuwepo mikononi na mapajani. Mwambie daktari wake mapema ni ya mchezo gani, asije akaanza kuuliza maswali mengine.

Sasa lile la kuangusha. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaji wa vikosi vya ngoma walihesabu makosa na kukata sehemu ya pointi kwa kila moja. Mtoto akiangusha, kila mtu alijua amekula nini. Leo majaji hujenga alama kutoka chini: wanatazama mmejaribu nini na mmekifanya vizuri kiasi gani. Kuangusha kunaumiza, lakini kunapimwa ndani ya picha nzima. Kwa hiyo kinachofundishwa sasa ni kuokota.

Na kuokota kuna mafunzo yake. Ikianguka, mtoto hasimami, hashiki mdomo, hamtazami mwalimu. Mwili unaendelea na dansi bila kifaa, sura ile ile. Haingii chini ya mrusho wa mwenzake kuifuata, hata ikiwa hatua moja tu mbele yake. Anangoja hesabu inayompeleka karibu, anaiteremkia kwa goti kama vile ilipangwa hivyo, anapanda nayo na kujiunga na wenzake kwenye "moja" ya hesabu nane zinazofuata. Mwalimu wetu huangusha bunduki ya mtu makusudi mazoezini, bila kutangaza, ili waokote. Mara ya kwanza nilipoona nilikasirika. Baadaye, Machi, bunduki ya binti yangu ikateleza kwenye onyesho, ikaserereka mpaka ukingoni mwa turubai. Alizunguka mara mbili mikono mitupu, akapiga goti, akaondoka nayo. Dada yangu aliyekuwa kando yangu akasema, "Hapo pamependeza." Sikumwambia kitu.

Hatua ya 5: Siku ya mashindano

Panga kula, kisha nywele, kisha uso, kisha vazi, kwa utaratibu huo huo. Anayekula baada ya kuvaa hujimwagia mchuzi, sina haja ya kueleza najuaje. Kila mtoto awe na pini za ziada, soksi za ziada na tepu.

Gadi huingia ukumbini na sakafu yake. Ni turubai kubwa la vinili lililochorwa kwa onyesho lenu, linalofunika uwanja wa kikapu, na ni zito. Wazazi hulisukuma kwenye toroli, hulikunjua, na onyesho likiisha hulikunja na kuliondoa, yote ndani ya muda uliopangwa. Kuzidisha muda kuna adhabu. Vaeni viatu vya mpira mweupe, pangeni nani anashika kona ipi, na mfanye mazoezi ya kukunja walau mara mbili kabla ya msimu. Sisi tulidhani ni kukunja shuka.

Pointi ni 100. Jaji wa vifaa ana 20, wa mwendo wa mwili 20, wa utunzi 20, na majaji wawili wa mvuto wa jumla wana 20 kila mmoja. Wanazungumza kwenye kinasa sauti huku onyesho likiendelea, na walimu husikiliza baadaye. Alama za Januari huwa ndogo kwa kila mtu, kwa sababu mara nyingi nusu ya onyesho bado haijafundishwa. Mlinganishe na wiki iliyopita, usimlinganishe na kikosi cha jirani.

Jukwaani kuna adabu zake. Hakuna kupita kikosi kikiwa sakafuni, ngoja mlangoni. Picha za kumulika hapana, kabisa, mtoto anatazama juu kudaka chuma. Kushangilia ruhusa, tena kwa sauti, hasa mtu akidaka kitu kigumu, na hata kama si wenu. Vigelegele vyangu vilishangaza watu shindano la kwanza. La tatu walikuwa wanavisubiri.

Mila ambazo hakuna atakayekueleza

Kabla ya kuingia, kikosi husimama duara, mikono imeshikana, kimya. Usiende kumrekebishia mtoto nywele hapo. Mimi nilikwenda. Mlangoni kapteni hutoa sauti fupi, "dat, dat, dat, dat," na kutoka hapo miguu yote ni mmoja.

Mwisho wa siku kuna sherehe ya kutangaza matokeo iitwayo ritriti, jina la kijeshi lililobaki. Makapteni wa vikosi vyote hujipanga sakafuni na jina likitajwa hupiga saluti. Saluti hiyo kila kikosi hujitungia: mwingine mkono unapita usoni kama pazia, mwingine anainama mpaka goti. Hupitishwa kutoka kapteni kwenda kapteni, na ya kwetu ina kipande kimoja cha vidole ambacho hakuna anayejua kilianzaje. Kuondoka kabla ya ritriti, au baada tu ya mtoto wako kucheza, ni kama kuondoka harusini baada ya pilau.

Wanaomaliza shule huagwa kwenye shindano la mwisho la nyumbani. Mzazi husimama naye sakafuni, huitwa kwa jina, na kikosi chetu humpa anayeondoka kitambaa cha bendera aliyoicheza, kimesainiwa na wote. Huyo mtoto akitaka kuendelea, kuna vikosi huru vya baridi, na kiangazi kuna vikosi vya ngoma vya Drum Corps International, ambako mwisho ni miaka 21 na fainali huchezwa Indianapolis. Kama mtu akikwambia kumtesa mgeni ni mila, nenda kwa mwalimu siku hiyo hiyo.

Dayton, kisha stoo

Ubingwa wa WGI ni Aprili, Dayton, hapa hapa Ohio, na fainali huchezwa UD Arena. Kwetu ni mwendo wa saa moja na kidogo. Wengine wanatoka California. Mchujo hugawanywa kwenye kumbi kadhaa, kwa hiyo soma ratiba mara mbili, mjue ukumbi wenu ni upi na basi linaegesha wapi. Nenda hata kama kikosi chenu hakichezi. Mpeleke mtoto akaone daraja la World, akae viti vya juu, aone panga zilizozunguka mara sita hewani zikidakwa na watu ishirini kwa sauti moja.

Ukirudi, stoo inakungoja. Bandua tepu yote, maana ikikaa kiangazi kizima gundi yake hugeuka lami. Mashine ya kukausha nywele huilainisha, na mabaki yanatoka kwa mafuta ya kupikia na kitambaa kikuukuu. Fua vitambaa kwa mkono, vianikwe kivulini. Andika namba kwenye kila fimbo na uizungushe mezani. Inayopiga mbio za kuchechemea imepinda. Usijaribu kuinyoosha kwa goti, alumini hukatika pale pale ilipopindia. Ikate juu ya jeraha, uivike kofia mpya, uwape watoto wa shule ya kati. Kwao futi 5 zinatosha.